Siku K Ziliisha

Ka uko na risiti ya hadiwea hapo kwa mfuko, itoe kwanza. Ile ya misumari na mabati, nyeupe juu, pinki chini. Sahau jina la duka na sanduku la posta. Cheki ile namba nyekundu imekaa pale kona ya juu. Sasa funga macho upitishe kidole polepole. Unaskia venye imezama? Geuza karatasi. Namba imetokea hadi nyuma, imevimba ka kovu. Hiyo namba iligongwa, msee. Kuna chuma ilishuka na nguvu ikaacha alama, na hiyo chuma iko hapa hapa tao, kwa jengo umepita mara mia ukiwahi mat.

Mi nimeshika hizo risiti tangu nikiwa mtoi. Mathe anauza chakula ya kuku mtaani, Kaloleni, na vitabu vyake vya risiti ndio tulikuwa tunachorea nyuma tukikosa karatasi. Vidole zangu zilijua hizo namba kabla akili ijue. Nilikuja kushika rada juzi, venye mbogi ilinituma nitafute kadi.

Risto iko hivi. Tulikuwa tunapanga usiku wa mashairi pale holi ya Kaloleni. Wasee walikuwa wametengeneza bango la simu, rangi zinawaka, likawekwa kwa stetasi za WhatsApp, na masaa 24 zikiisha likaenda. Kesho yake unauliza msee, anakuuliza usiku gani. Tukasema ebu tupate kitu mtu anaeza weka kwa waleti, kitu haiishi ukisukuma skrini na kidole. Nikatumwa mimi, juu mi ndio napendanga karatasi.

Ukishuka River Road kuelekea Nyamakima, karibu kila ngazi iko na mchapaji. Chini wanauza simu na nguo za jumla, juu kuna mashine za kopi, wasee wa stika, wa kadi za harusi, wa vitabu vya yuloji. Niliingia milango mitatu, kila mahali naonyeshwa kadi zile zile zinang'aa plastiki. Mlango wa nne nikaskia sauti kabla nione kitu. Inavuta pumzi, inagonga. Inavuta, inagonga. Fsss-tak. Fsss-tak. Nikafuata hiyo sauti hadi ndani.

Kulikuwa na Heidelberg nyeusi, imejaa grisi, urefu wa kifua cha mtu mzima. Iko na mikono miwili ya chuma inazunguka ka mapanga ya feni. Mkono unachukua karatasi, unaiingiza kwa taya, taya inafunga, tak, mkono mwingine ushachukua ingine. Mbele yake amesimama mzee wa koti la bluu, miwani imeshuka kwa pua, na hata hacheki mashine. Anaskiza tu.

"Habari yako, Guka."

"Mzuri, kijana. Ngoja hizi mia mbili ziishe."

Guka ndio kila mtu anamwita pale, na mi pia nitamwita hivyo. Alinieleza akiwa bado anaskiza. Ofseti ilichukua kazi ya maneno kitambo. Lakini ofseti inatumia pleti, na pleti inarudia kitu moja: shiti ya kwanza na shiti ya elfu tano ni mapacha. Kitabu cha risiti hakitaki mapacha. Kila karatasi inataka namba yake, juu hapo ndio mwizi anashikiwa. 0217 ikikosa, bosi anauliza iko wapi. So maneno yanachapwa kwa ofseti, halafu mzigo wote unapandishwa ngazi hadi kwa Guka. Yeye anafunga kwa mashine kasanduku kadogo ka chuma kenye magurudumu ya tarakimu. Kila mashine ikigonga, kasanduku kanabonyea, gurudumu linaruka namba moja. Haina umeme ndani, haina programu. Ile laini ya vitobo unachania risiti nayo pia ni kazi ya hizi mashine. Mkunjo wa pakiti ya dawa, hivyo hivyo.

Mashine za hii familia zilionekana mara ya kwanza Ujerumani 1914, na za mwisho zikatoka kiwandani 1985. Piga hesabu. Ile changa kabisa unaeza pata Nairobi ishagonga miaka 40, na bado inameza hadi shiti elfu 5 kwa saa. Mi simu yangu ya miaka minne ishaanza kukufa.

Nikamshow nataka kadi 150. Akazima mashine, na ile kimya iliingia ndani ya chumba ka mgeni. "Unataka za kompyuta," akaniuliza, "ama unataka za kupiga?"

Kupiga chapa. Hilo neno tumelitumia hadi tukasahau iko na kiboko ndani. Kiswahili kililitoa kwa Kihindi, na sisi tunajua vizuri kuchapa ni nini: unachapa kazi, mvua inakuchapa, odijo alikuchapa, na doh yenyewe mtaani ni chapaa. Mi nilikuwa nadhani mchapaji ni msee wa kubonyeza kitufe. Nikajibu za kupiga.

Akanipeleka nyuma, penye kulikuwa na kabati la mbao limechoka lakini limesimama wima. Akavuta droo. Ndani imegawanywa vyumba vidogo vidogo ka ploti ya Umoja, na kila chumba kina herufi zake. Nikachukua m moja. Ilikuwa nzito kushinda venye macho yalikuwa yameniambia.

"Ni risasi hiyo," akasema. "Na bati, na antimoni."

Nikaiweka tena kwa kiganja. Kiswahili hakina neno mbili hapa. Ile ya kuandika na ile ya bunduki, zote ni risasi. Guka akanieleza kwa nini inachanganywa: risasi peke yake ni laini, ikigongwa mara kadhaa inalala, antimoni inaikaza, na bati inaisaidia kumwagika vizuri hadi kwa zile kona ndogo za herufi ikiwa bado ya moto. Na zote, iwe nukta, iwe M kubwa, zinasimama urefu moja, milimita 23.3. Ikipungua kidogo haifikii karatasi. Ikizidi inatoboa. Hii akili ya kumwaga herufi moja moja, upange, uchape, upangue, upange tena kitu ingine, ndio ilimpa Johannes Gutenberg jina kule Mainz, na Biblia yake ya karibu 1455, nakala kama 180 hivi. Wachina na Wakorea walikuwa washapanga herufi za kuhamishika kabla yake. Lakini mi sikuwa pale kwa sababu ya Mainz. Nilikuwa pale juu nimeshika m na sitaki kuirudisha.

Halafu herufi zenyewe zimegeuka. Unazisoma ka uko kwa kioo, na ukizipanga unazisimamisha kichwa chini, kutoka kushoto kuenda kulia. Guka alikuwa anazisoma hivyo mbio kuliko mi nasoma gazeti. Nikajaribu. Dakika tano za kwanza ni ngori, b ni p, n ni u. Ya sita kitu ikabofya kichwani na nikaskia niko nyumbani, juu sisi tumelelewa na maneno yaliyogeuzwa. Stori ikageuzwa ikakuwa risto, na hakuna msee anashtuka. Kabla yetu, watoto wa Pwani walikuwa na mchezo wao wa kinyume, silabi ya mwisho inarushwa mbele, wakubwa wanabaki wakikuna kichwa. Kumbe wapanga herufi walikuwa kwa hiyo chama kitambo sana, macho yao yamezoea kuona neno kutoka upande ule mwingine.

Sasa fika kwa k.

Mstari wetu mbogi ilikuwa imeuandika usiku mzima, na kila mtu alikuwa ameupenda: "Kaloleni kwetu. Ukikuja kimya, utatoka ukibonga." Guka akanipa kile kishikio cha chuma cha kupangia, ka rula yenye kingo, unakishika na mkono wa kushoto, kidole gumba kinazuia herufi zisianguke. Nikaanza. K kubwa, iko. Nikapanga "kwetu", fiti. Nikaingia "Ukikuja", k mbili. Nikarudi kwa chumba cha k kutafuta ya "kimya", na hapo ndani kulikuwa na herufi moja peke yake, mguu umevunjika.

"Guka, k zimeisha."

Hakushtuka. Akavuta kiti. Hizi herufi, akasema, zilikuwa zinauzwa kwa mizani ya Kiingereza. Mwenye kiwanda anajua Mwingereza anatumia e ngapi, t ngapi, na anakufungia pakiti kulingana na hiyo. K kwa Kiingereza ni mgeni, anapita mara moja moja. Ukinunua saizi kubwa ya kichwa cha habari unapata k tatu, nne, basi. Halafu unakuja na Kiswahili, lugha ya kukuja na kukaa na kukula, na k zinaisha kabla ujumbe umalize kuamka. Nikacheki droo yote na macho mapya. Chumba cha e ndio kikubwa kushinda vyote, na kilikuwa kimejaa hadi juu. Chumba cha a kilikuwa kinaonyesha mbao chini. Hiyo droo ilikuwa na lafudhi, na si yetu.

Mi nimeandika kwa simu tangu nikiwa darasa la sita. Sijawahi ambiwa herufi imeisha. Kwa simu unaeza jaza skrini na k hadi betri izime na hakuna mtu atakulipisha. Hapa nilikuwa na k tatu, na lazima nichague zitaenda wapi. Nikamuuliza Guka wao walikuwa wanafanya aje. Akadai mara ingine wanaazima kwa jirani wa ngazi ya chini. Mara ingine wanachapa nusu, wanapangua, wanachapa nusu ile ingine. Na mara mob, akasema, mpanga herufi anamwandikia mteja upya bila kumwambia, na mteja anasifu kazi.

Nikakaa hapo na peni karibu lisaa. Kila neno la k nikaliuliza linafanya kazi gani. "Kwetu" ilikuwa inajisifu tu, ikatoka. "Ukikuja kimya" ilikuwa inaelezea mtu venye atajiskia kabla afike, na hiyo si kazi ya kadi, ikatoka. Mwishowe nikabaki na hii:

Kaloleni usiku. Ingia na neno, toka na lingine.

K ndogo mbili tu, moja kwa "usiku", moja kwa "toka". Ya tatu ikabaki kwa chumba chake ikipumzika. Nikaitumia mbogi kwa simu, nikangoja wanitukane. Msee wa kwanza kujibu aliandika tu: hiyo ndio. Na enyewe ndio. Ule mstari wa kwanza ulikuwa umeandikwa na watu wako na herufi nyingi sana.

Nikawaza vijana wengine walipanga Kiswahili kwa risasi kabla yangu, wale wa Zanzibar. Wamisheni wa UMCA, Askofu Tozer na Edward Steere, walifika kule 1864, na mashine ya chapa ikawa kati ya vitu vya kwanza vijana wao walifunzwa. Hao vijana walikuwa wametolewa kwa majahazi ya watumwa. Jana ulikuwa mzigo, una bei, leo umeshika herufi za risasi unapanga Kiswahili kwa ukurasa. Kufika 1888, wanafunzi wa shule yao ya Kiungani walikuwa na gazeti lao, Msimulizi. Na kwa mji ule ule Sultan Barghash akaweka mtambo wake, ukachapa vitabu vya Kiarabu vya Kiibadhi, hadi watu wa Oman wakasoma vitabu vilivyogongwa Zanzibar. Nataka kujua hao vijana walifanya nini siku zao k zilipoisha.

Lakini mpanga herufi mwenye alinikalia kichwani zaidi ni wa hapa.

Guka ndio aliniuliza hiyo kadi ni ya wapi. Nikasema holi ya Kaloleni. Akaweka chini ule ufunguo alikuwa ameshika. "Unajua mchapaji alisimama hapo ndani akasema nini?"

Makhan Singh alifika Nairobi 1927 akiwa kijana wa miaka 13, kutoka Punjab. Babake, Sudh Singh, alikuja kufungua kiwanda kidogo cha chapa, na kijana akaingia kazi hapo. Sasa shikanisha. Msee ako na mashine ya chapa, ako na hasira ya mshahara wa mafundi, na ako na lugha kadhaa kichwani. 1935 akakuwa katibu wa chama cha wafanyakazi, kikabadilishwa jina kikaitwa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa kila mtu, rangi yoyote, wakati gava ilikuwa imepanga mji mzima kwa rangi. Karatasi za kuita watu kwa mikutano na migomo ziligawiwa kwa lugha tofauti tofauti. 1937 waligoma siku 62 na wakaongezwa mshahara.

Tarehe 23 Aprili 1950, kwa holi ya Kaloleni, mkutano wa Kenya African Union (KAU) na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, akasimama akataka uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Kamili, na kwa sauti, mbele ya umati. Tarehe 15 Mei akashikwa. Akatoka Oktoba 1961. Hiyo ni zaidi ya miaka 11 kizuizini, sana sana kule kaskazini kwa jua na vumbi, bila kuua mtu, bila kuiba kitu.

Mi nimezaliwa mita mia tatu kutoka kwa hiyo holi. Nimecheza boli hapo nje. Nimekalia hizo ngazi nikila smokie. Hakuna mtu aliwahi niambia. Nilijua majina ya nganya zote za Jogoo Road na sikujua huyo mchapaji. Na hakuwa peke yake: Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha gazeti la Colonial Times hapa Nairobi 1933, akachapa na la Kiswahili, Habari za Dunia, na miaka ya 1940 akafungwa kwa kesi ya uchochezi. Henry Muoria alikuwa na Mumenyereri la Kikuyu kuanzia 1945. Hali ya hatari ya 1952 ikamkuta akiwa London, gazeti likafungwa, na akaishi huko hadi uzee, akifanya kazi kwa treni za chini ya ardhi. Serikali inaogopa risasi za aina zote mbili, Guka akasema, na akarudi kwa kazi yake.

Kazi yenyewe ni ya subira mbaya. Herufi zikishapangwa unazifungia ndani ya fremu ya chuma na vipande vya mbao, unakaza pande mbili na ufunguo, halafu unainua kona moja kidogo, unabonyeza herufi na kidole. Ikicheza hata moja, unafungua unaanza tena. Tulianza tena mara mbili. Halafu ile shiti ya majaribio ikatoka na "neno" imefifia upande mmoja, juu hizo herufi zimezeeka, zimechakaa kutolingana. Guka akachukua karatasi nyembamba ka ngozi ya kitunguu, akararua kipande saizi ya ukucha, akaibandika nyuma pale penye "neno" inagongwa. Akachapa tena. Akaongeza kengine. Hicho ndicho kilinimaliza, yaani kuona mzee wa zaidi ya miaka 70 akisumbuka na unene wa ngozi ya kitunguu juu ya neno moja kwa kadi ya vijana hawajui.

Hapo ndio tulikosana kidogo. Mi nilitaka izame. Nilitaka msee akishika kadi kidole kiingie ndani ya herufi. Guka alikataa kata kata. Wakati wake, akasema, herufi ilifaa kuguza karatasi na kuachilia. Ukigeuza nyuma uone uvimbe, bosi alikuwa anakurushia hiyo kazi usoni. Kuzamisha ni kazi ya mtu hajui mashine yake. Na tena inaua herufi, juu risasi ni laini, ukiikandamiza kwa karatasi ngumu inakuwa mnene, nyuso zinapotea. Ako sawa, na sheria yake ni ya mafundi wa miaka mia kadhaa. Kule Ulaya na Marekani penye hizi mashine zimerudi kwa fujo, kwa kadi za harusi za bei kali, wanazamisha kabisa, lakini wanatumia pleti za plastiki zimetolewa kwa kompyuta na karatasi nene laini ya pamba. Pleti ikichakaa wanatupa. Herufi za Guka haziko na mbadala. Hakuna mtu Nairobi atammwagia k mpya.

Lakini na mi niko sawa, na nikamwambia hivyo kwa heshima. Kizazi chake kilishika vitu vyenye miili siku nzima: peni, sarafu, barua, kaseti. Sisi tunashika kioo. Risto ya mapenzi ni kioo, pesa ni kioo, habari za kifo ni kioo, zote ziko na ulaini moja. Ndio maana nataka neno lenye shimo. Akanyamaza. Akaenda kwa rafu, akaleta kadi nene ya kijivu isiyo na plastiki, laini kidogo, akaongeza shiti mbili nyuma. Akachapa moja. Ilikuwa imezama kiasi, ukipitisha kidole unaipata, ukigeuza nyuma ni tambarare. "Hapo," akasema, "mimi na wewe tumepatana."

Kuna msee anaitwa Amos Paul Kennedy Jr., Mmarekani mweusi, nilimjua venye nilianza kufuatilia hii mambo usiku kejani. Alikuwa na kazi ya ofisi, ya kompyuta, ya tai. Akiwa na miaka karibu 40 akapeleka watoto wake Williamsburg, Virginia, mji wa makumbusho, akaona mtu akichapa kwa mashine ya zamani. Akaacha kazi. Sasa ako Detroit, anachapa mabango kwa herufi za mbao, rangi juu ya rangi juu ya rangi hadi maneno yanapigana na bado unayasoma, na anayauza bei ya mtu wa kawaida. Anachapa methali nyingi za Waafrika. Nampenda juu hakufungia hii kazi kwa kabati la matajiri. Na Onitsha, Nigeria, kabla yake, miaka ya 40 hadi 60, wachapaji wa soko walikuwa wanagonga vitabu vidogo vya mapenzi na vituko kwa Kiingereza cha mtaa wao, wanauza hapo hapo kando ya viatu na sabuni. Veronica My Daughter ya Ogali A. Ogali, 1956, ilitoka kwa hiyo dunia. Lugha ya vijana ikagongwa kwa risasi na hakuna profesa aliombwa ruhusa. Sheng yetu imeandikwa kwa mat na kwa ukuta, imeimbwa, imetumwa kwa simu. Nataka kuiona imegongwa.

Kadi zote 150 tulichapa kwa kamashine kadogo ka kona, ka kulisha na mkono, unaweka karatasi, unatoa mkono, taya inafunga. Guka alinionyesha vidole zake kwanza, moja imekosa ncha. Alafu akaniambia niende na mwendo wa wimbo mmoja polepole, nisibadilishe. Kufika kadi ya sitini nilikuwa nimeshika. Mkono ulikuwa unaenda wenyewe, na nilikuwa naskia kila neno likifika: tak, ingia na neno, tak, ingia na neno.

Wino ulihitaji usiku mzima kukauka. Nilirudi kesho yake mangware, na kazi ya kwanza nilipewa ilikuwa ya kupangua. Kila herufi inasafishwa na kurudishwa kwa chumba chake. Ukikosea, mpangaji wa kesho atachukua n apate u, na atakutaja. Unashika mstari wako, unausoma mara ya mwisho, halafu unauvunja: o kwa o, l kwa l. K mbili zikarudi kwa ile ya tatu na ile ya mguu umevunjika. Guka hakukubali nitupe iliyovunjika. Akadai siku moja kutakuwa na neno linahitaji h yenye kilema. Tukanawa mikono na Omo hadi viwiko kabla ya chai, hiyo hana mchezo nayo, juu risasi ikiingia na mandazi haitoki.

Halafu akachukua zile kadi akazipeleka kwa Heidelberg. Nikamuuliza anafanya nini. "Kila kitu kinatoka hapa na namba," akasema. Akafunga kale kasanduku ka magurudumu, akaweka wino mwekundu, akazungusha tarakimu na ncha ya bisibisi: 0150. Nilidhani amekosea. Akatikisa kichwa. Kasanduku kake kanahesabu kurudi nyuma, juu karatasi inatoka moja juu ya ingine, na kazi ikiisha ya kwanza ndio inafaa kuwa juu ya rundo.

Akawasha. Mashine ikavuta pumzi. 0150, 0149, 0148. Guka alisimama ameinamisha kichwa upande, anaskiza. Mi nilikuwa nahesabu kwa midomo ka mtoi. Kufika 0020 chumba chote kilikuwa kinanuka wino. Kumi. Tano. Mkono wa chuma ukachukua ya mwisho, taya ikafunga, kadi ikatua juu ya zingine: Kaloleni usiku, na pale kona, nyekundu, 0001.

Nikanyosha mkono.

"Usiguse," Guka akasema. "Bado mbichi."

Nikaishika na kingo, nikaigeuza, nikapitisha kidole nyuma.